Mashine Haina Mdomo wa Sarafu

Mimi ndiye mlinzi wa mashine ya benki, Tukuyu,
chini ya bati linalolia mvua karibu mwaka mzima.
Nina rungu, koti la mpira, na jiko la mkaa
ninaloliwasha kwa risiti wanazozitupa.
Kabla ya kuzichoma nazisoma.
Usinilaumu: usiku wa Rungwe ni mrefu,
na karatasi ndogo ina maneno kuliko redio.
Huyu kabakiza 8,950. Yule 9,700.
Mashine inatoa noti za elfu kumi tu,
basi hizo zimelala humo ndani
kama unga unaoganda kwenye kinu cha umeme:
mwenye debe haupati,
na jioni mwenye kinu ndiye anayefagia.

Siku ya malipo ya chai naitwa na mchana pia.
Mwezi uliopita foleni ilifika kwa fundi viatu.
Gwamaka, karani wa mizani, kalamu mbili mfukoni, akasema:
"Makato ni biashara. Nani kakushika mkono?
Benki ni nyingi. Mteja ana hiari."
Mama Anyosisye akageuka, kikapu cha maparachichi kichwani:
"Nyingi zipo wapi, mwanangu? Nionyeshe kwa kidole."
Kidole kikazunguka: duka la pembejeo,
kinyozi,
ukungu.
"Mbeya," akasema Gwamaka.
"Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi.
Na wakala wa simu naye ana mkasi wake.
Kuchagua wembe, baba, si kuchagua kunyolewa."

Watu wakacheka. Gwamaka naye akacheka,
kisha, nisimsingizie, akasema neno lenye uzito:
"Noti hazipandi mlima zenyewe.
Kuna gari, kuna mafuta, kuna mlinzi."
Akanitazama.
Foleni nzima ikanitazama.
Nikawa mimi ndiye makato.
Sikuwaambia kwamba mshahara wangu unapita humo humo,
kwamba nalipa ili nilipwe
kwa kukilinda kinachonikata.

Giza lilipoingia akaja Subilaga, mchumaji wa Katumba,
vidole vyeusi kwa utomvu wa majani,
kadi kaifunga kwenye nailoni ya chumvi.
"Nisomee," akasema. "Tuangalie kwanza kilichomo,"
kama mtu anayefunua chungu kabla ya kupakua.
Nikabonyeza anapotaka.
Zilikuwepo 11,400.
Kwa kutazama tu, mia mbili ikaenda.
Kutoa elfu kumi ni 1,300.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kwa sauti:
imepungua mia.
Tusingeuliza, zingetosha.

Kioo kikawaka: Je, ungependa kuendelea?
Ndiyo. Hapana.
"Wanasemaje?"
"Wanakuuliza unataka nini."
"Si nimeshawaambia?"

Nikatoa sarafu ya mia kwenye koti.
Tukaikagua ile mashine, mimi na yeye,
kwa tochi ya serikali ya benki, kama wezi:
mdomo wa kadi, mdomo wa noti, mdomo wa risiti.
Wa sarafu hakuna.
Nikampa mkononi. Akaifunga pamoja na kadi,
akasema mtoto anasubiri daftari,
akasema haidhuru,
akateremka na njia ya migombani bila tochi.

Risiti yake sikuichoma.
Nimeibana nyuma ya kitambulisho changu.
Wino wao haudumu: juzi nimeitazama,
zile 11,200 zimebaki moja, na moja,
na doa la mvua pale ilipokuwa mbili.